Njia ya Maporomoko na Ua wa Bi Mwanaidi

Milimani, juu ya bwawa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali, niruhusu niweke mbele yako swali ambalo limenisumbua kwa miaka: mtu anapomwondolea mwenzake adha kabla hajalalamika, je, amemheshimu kweli, au amemwamulia tu? Nilidhani kazi yangu ya huku ingenipa jibu. Imenipa ushindi mkubwa, nao nitakusimulia. Kuhusu jibu, bado nasitasita.

Sasa nikuulize. Goti linaendeleaje? Mananasi yameshika vizuri? Kaka Athumani aliniambia kwamba umepanda tena kule bondeni na hutaki kibarua akusaidie kupalilia. Namjua anayesema na namjua anayesemwa, kwa hiyo nimeamini nusu. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Nimekonda kidogo, miguu imekomaa, na nimezoea kulala na sweta. Nimeona heri niandike kuliko kupiga simu, maana kwenye simu sisi wawili huishia kwenye salamu.

Unajua niliajiriwa kusimamia njia za kupandia milima. Maji ya huku hutoka msituni, huporomoka kwa ngazi tatu, hupita vijijini, kisha huingia bwawani chini kabisa, ambako mji hupata maji yake ya bomba. Wageni wamekuwa wakija kuyatazama maporomoko hayo kwa muda mrefu, wakipanda ovyo, wakiteleza na kukanyaga mboga za watu. Kazi yetu ilikuwa kuchimba njia moja nzuri, wanakijiji wawe waongozaji na wapishi, na kipato kibaki kijijini. Wengi waliacha vibarua vya mbali kwa kuitegemea njia hiyo. Kama isingefunguliwa mvua zikiisha, wangekosa msimu mzima wa wageni, nami nisingekuwa na uso wa kuwatazama.

Nyumba za huku, Mama, zimeng'ang'ania mlima. Mahali palipo sawa ni uani kwa mtu tu, ndiyo maana njia zote hupita nyuani mwa watu, na hakuna anayeona ajabu mradi umepiga hodi na kusalimia. Yetu ilikatiza ua wa Bi Mwanaidi, mama wa makamo, Mwislamu kama sisi, mwenye nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Tulikuwa tumebakiza kipande kidogo alipofiwa na mumewe. Akaingia eda.

Utaelewa mara moja kilichonipata. Mjane yumo ndani, hapaswi kuonekana na wanaume wa kando, nami nimepanga kupitisha makundi ya wanaume wenye kaptura mlangoni pake! Msimamizi wetu, aliye mjini, alinishauri kwa simu tuzungushie turubai.

"Mambo ya muda tu hayo," alisema.

Nilimjibu kwa adabu kwamba mjane hafunikwi turubai kama gunia la mahindi. Nikaamua njia ihame: ipande juu ya nyumba, ikate ubavu wa jabali, ikutane na mto karibu na poromoko la pili.

Shomari, mkubwa wa waongozaji, alitazama nilikonyoosha mkono akaguna. "Dada, huko hata mbuzi hupita akisoma shahada."

"Basi na sisi tutasoma," nikamwambia.

"Mwacheni," akasema Mama Koleta, anayeongoza kikundi cha akina mama. "Watu wa pwani wamezoea kuangukia mchanga. Akianguka huku mara moja, atatuelewa."

Nikaanguka siku ile ile, mbele ya wote, tope likanifika masikioni. Mama Koleta akanivuta mkono, "Karibu mlimani, mwanangu," na tangu hapo hakuna aliyebishana nami tena. Sijui kama walikubaliana na hoja yangu au walinionea huruma tu.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko maneno yangu. Mvua zilikuwa hazijakatika, na kipande tulichokichimba asubuhi kiliweza kuporomoka kabla ya adhuhuri. Tulijenga kingo za mawe, zikabomoka, tukazijenga upya tukiziegemeza ndani ya mlima. Akina mama walibeba mawe kichwani huku wakitaniana, na aliyechoka kwanza alitungiwa wimbo papo hapo. Mimi nilitungiwa mara nyingi. Mmoja ulisema nimeletwa na bahari, nayo itanirudia ikinikosa. Nilicheka, kisha nilikaa peke yangu nyuma ya jabali kwa kitambo.

Jioni nilipitia kwa Bi Mwanaidi, maana sisi wanawake tuliruhusiwa kuingia. Nilimkuta ameketi mkekani, na swali lake lilikuwa lile lile la kila siku.

"Mmefika wapi?"

"Tumevuka jabali."

"Ee. Leo majembe nimeyasikia kwa mbali."

Niliyachukua maneno yale kuwa shukrani. Nilitoka nikiwa na moyo mweupe, nikijiona nimemtendea mjane haki yake.

Na njia ilifunguka, Mama! Natamani ungekuwepo. Walikuja wanafunzi kutoka Dar es Salaam na walimu wao, wakaja wazee wawili wa Kizungu, mke na mume, wenye fimbo za kutembelea. Msimamizi wetu naye alikuja, akapanda viatu vikiwa mkononi. Hakuna aliyeanguka. Pale njia inapokata jabali miti hufunguka ghafla, na bwawa lote linalala chini yako, limetulia, na vijiji vimetawanyika kandokando yake. Ile njia ya zamani haikuwa na mahali kama pale. Kisha tukafika kwenye poromoko lenyewe, na akina mama waliokuwa wametangulia na vyungu wakapiga vigelegele hadi mngurumo wa maji ukashindwa. Shomari alinitazama, akavua kofia yake akanivika. Mimi niliyekulia Kiwangwa, ambako kilima kirefu ni kichuguu, nimewapitisha watu kwenye jabali! Nililia, na sikuona haya. Tangu siku ile wageni hawajakatika, na wale walioacha vibarua wana kazi nyumbani kwao.

Eda ikaisha. Bi Mwanaidi aliogeshwa, akajifukiza udi, akavaa khanga mpya. Kesho yake alitokea mwanzo wa njia pamoja na Mama Koleta.

"Maji haya nayasikia tangu niolewe," alisema. "Kuyaona, bado. Kila siku kuni, kila siku shamba. Leo nakwenda."

Shomari akamnyooshea mkono penye mwinuko. "Shika, mama, usije ukateleza."

"Wewe umejifunzia kutembea uani kwangu," akamjibu. "Jishike mwenyewe."

Alipanda polepole, bila kupumzika. Penye jabali alisimama akaitafuta nyumba yake huko chini, akaiona, akacheka kwa sauti kama msichana. Chini ya poromoko alivua kandambili, akaingia majini na khanga yake mpya, akafungua mikono. Tulimpigia vigelegele kuliko tulivyowapigia wageni wote. Sijawahi kuwa na fahari kama niliyokuwa nayo saa ile.

Alipotoka, akikamua pindo la khanga, aliniuliza, "Sasa njia yangu mtairudisha lini?"

Nilidhani sikumwelewa.

"Ile ya uani," akasema. "Nimekaa ndani nasikia majembe yenu yanakwenda mbali nami. Jana mbali, leo mbali zaidi. Zamani hakuna aliyekwenda msituni bila kunipa habari. Sasa hata hodi siisikii."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nani aliniuliza?" Kisha akafikiri, akanishika bega. "Lakini ungeniuliza siku zile, labda ningesema, ondokeni. Leo nasema, rudini. Sasa wewe msomi ungefuata lipi?"

Nikamwokotea kandambili zake, tukashuka. Shomari anataka wageni wapande kwa njia mpya na kushukia uani kwa Bi Mwanaidi, na huenda ndivyo itakavyokuwa. Mama Koleta anasema nyayo za wageni wengi zitaubomoa ua ule, nalo ni kweli. Tutakutana kijijini tuamue, na safari hii Bi Mwanaidi atazungumza kwanza.

Nisalimie Kaka Athumani na mkewe, na mwambie aache kunisimulia mambo yako kwa siri. Nisalimie Shangazi wa Mlingotini, nasikia biashara yake ya dagaa imepamba moto. Mjomba aliyenilipia nauli ya kwanza ya chuo mpe shikamoo yangu, na majirani wote wa upande wa mikorosho.

Kwa hao majirani ndiko swali langu lilikokwama. Baba alipotutoka, sisi watoto tuliwaambia wazungukie nyuma ya mikorosho, wasikatize tena uani wakati umo ndani. Tulikuwa na uhakika. Eda yako ilipoisha hawakurudi kupita kwetu, wala hatukuwaita. Je, Mama, ulitaka hivyo? Naogopa kwamba hata ukiniandikia sitajua, kwa sababu utanijibu lile la kunipa raha, kama ulivyofanya siku zote, nami ndiye niliyekuzoesha kutokuulizwa.

Ni mimi mwanao, niliyetopewa na tope na furaha,

Rukia