Maji Yaliyokuwa Kifuani Mwako

Kaka Saidi,

Yule daktari aliyekuita mvivu amehamishwa. Ameondoka Nachingwea na daftari lake kwapani, lile alilotumia kutugawia magonjwa kwa makabila: sisi Wamakua tuliotoka ng'ambo ya Ruvuma, kifua kikuu cha kutema damu; Wamwera, cha matezi; maji kwenye utando wa mapafu akawaachia Wahindi. Msomi mzima! Hata mbuzi hunusa jani kabla ya kulikataa. Yeye hakukuinua hata shati.

Ulitembea toka Mtua umeshika ubavu. Ukaniambia kwa Kimakua, "Mdogo wangu, nikivuta pumzi nachomwa kisu." Mimi, dresa wake, mfunga vidonda wa kujisikia, kalamu sikioni, nikamtafsiria. Akacheka. "Mmakua asiyetema damu hana kifua kikuu. Huyu anakimbia kazi ya visiki."

Na mimi nikakutafsiria hayo, kaka. Yote. Sikupunguza neno. Hukumtazama yeye, ulinitazama mimi. Ukarudi kung'oa visiki kwenye mashamba ya karanga. Mwezi haukuisha, wakakuleta kwenye machela, huwezi hata kulala chali. Asubuhi haikukukuta hai.

Daktari mpya hana daftari la namna ile. Juzi alimdunga sindano ubavuni Mmwera wa Nandagala, yakatoka maji ya manjano, chupa ikajaa. Jana, Mmakua mwenzetu: maji yale yale. Nikamwuliza kama ugonjwa una kabila. Akasema, "Huenda watu wa mahali fulani huugua hivi zaidi kuliko wengine, hilo tunalichunguza. Lakini ukitaka kujua kifua kina nini, pima kifua." Basi! Jambo jepesi hivyo, na yule bwana mkubwa lilimshinda. Mmwera sasa anakula ugali wodini na kugombana na jirani yake juu ya blanketi.

Namdharau yule mtu mpaka kiti alichokikalia nakipita mbali. Lakini mdomo uliokuita mvivu kwa lugha ya mama yetu ulikuwa wangu. Huo nitaudharau wapi nisikutane nao?

Nilikwenda Ruangwa, nikamweleza shemeji, mkeo, ukweli. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniletea maji ya kunawa na chakula, akaenda kula peke yake jikoni, jambo ambalo hajawahi kunifanyia.

Pumzika, kaka. Msamaha sikuombi, barua haitoshi. Ninachokuahidi ni hiki: hakuna mgonjwa atakayetukanwa tena kupitia kwangu, hata wanifukuze kazi.

Mdogo wako,
Bakari