Vigae vya Roshani

Kwako binti yangu,

Sisi wazima, mama yako anakohoa kidogo tu. Roshani nimeimaliza. Ule ufa ulirudi, nikaufunika kwa vigae vipya juu ya vile vya zamani, sasa ni tabaka la nne. Fundi jirani akasema, "Mzee, utaiangusha hiyo." Nikamjibu, "Mimi nabandika vigae wewe hujaota meno!"

Chumba chenu cha chini ya roshani kiko tayari. Mlango wake tu unakwama kwa juu. Nimeupiga randa mara mbili wiki hii na bado unabana. Mbao za siku hizi mbovu.

Mama yako alihamishia vitanda vya wajukuu zangu sebuleni. Nimevirudisha. Njooni Jumamosi.

Baba yako, fundi asiyerudia kazi.