Fulana ya Chuo Kikubwa

Corinne mwanangu,

Supu iko kwenye friji, ipashe moto. Mbwa ameshakula, asikudanganye.

Leo wenzako wote wa mwaka wa mwisho wa sekondari wanavaa fulana za vyuo walivyochagua, nami nikakutandikia kitandani ile ya chuo kikubwa. Ukaniambia, "Mama, kule darasa la kemia lina watu mia nne. Nani atanijua aniandikie barua ya kuombea shule ya udaktari?" Ukatoka na sweta lako la kijivu lisilo na jina la chuo, hata chai hukunywa.

Mwenzio nimechanganyikiwa. Nilidhani jina kubwa ndilo linalofungua milango. Mwalimu wako naye anasema kile chuo kidogo kilichokukubali pia kinakutosha. Nimwamini nani? Miaka kumi na tisa natandika vitanda vya wagonjwa, na sijasikia hata mmoja akimuuliza daktari alianzia chuo gani.

~~Chagua kikubwa.~~

~~Fanya utakavyo.~~

Mwisho wa kuvijibu vyuo ni leo. Nisubiri nitoke zamu, tubonyeze jibu pamoja kwenye kompyuta.

Toa nguo kwenye mashine ya kukaushia. Fulana ya kile chuo kidogo imo humo. Niliinunua siku ile tulipokwenda kukitazama, nikaificha.

Mama