Figa la Tatu

Arwa, shika simu! Haya basi, soma. Mishi anarudishwa Kwale kesho. Kwa sababu ya mafiga. MAFIGA!

Leo madam katupeleka sisi wafanyakazi wake, pamoja na watoto wake, ile mbuga ya jangwani yenye makorongo mekundu na miti ya kale iliyogeuka mawe. Mishi furaha tele, kajipiga picha akamtumia mamake.

Mchana gesi ikaisha, nyama bado mbichi, watoto wanalia njaa. Madam akasema, "Mishi, yalla, fanya kitu." Makaa yalikuwepo garini. Mishi akafanya tulivyolelewa sote: mawe matatu, moto katikati, akateleka sufuria. Wakala mpaka wakalamba vidole.

Ndipo akaja mlinzi, Mganda mmoja anaitwa Erisa. Akashika kichwa. "Dada, hayo si mawe. Ni miti."

Mishi akacheka. "Miti gani isiyoungua?"

"Miti, dada. Ina mamilioni ya miaka. Na umeipasua."

Imepasuka kweli, Arwa, kwa ule moto. Hapo kicheko kikamkauka.

Erisa akauliza nani kamtuma. Madam, mafuta bado mdomoni, akasema, "Sijui mimi. Kafanya mwenyewe."

Kafanya mwenyewe!!

Garini madam akamwambia khalas, basi, kesho unapanda ndege.

Sasa anakunja nguo. Mlinzi alimuuliza mara mbili kama mawe yale aliyaokota peke yake. Mara mbili akajibu ndiyo.

Figa la tatu nililileta mimi, Arwa.