Saa Niliyoifuta kwa Wino Mwekundu

Jumatatu, 4 Julai 1977
Nimeanika kahawa, kisha nimekaa na orodha ya chuo cha uuguzi. Serikali inalipa masomo, chakula na kitanda. Nilidhani hayo ndiyo yote. Sivyo. Ukurasa wa pili unadai viatu vyeupe jozi mbili, mashuka manne, ndoo, sanduku la bati na kufuli, picha ya kifua, nauli ya gari moshi, na saa ya mkono yenye mshale wa sekunde. Nimepiga hesabu mara tatu. Haitoshi. Nimefuta jozi moja ya viatu. Nimefuta saa. Saa ni pambo, na chuoni kuna kengele.

Skolastika, binti yetu wa mwisho, alisimama mlangoni akiitazama kalamu yangu nyekundu. Hakusema kitu. Nilimlea hivyo.

Jumapili, 17 Julai
Ameondoka kwa lori la Bwana Salum, mwenye duka mjini Kasulu, hadi stesheni ya Kigoma. Mama yake amelia kupita kiasi. Mimi nimemkumbusha kuandika kila mwezi, kwa sentensi kamili.

Jumanne, 23 Agosti
Barua imefika. Makosa kumi na manne. Anaomba saa. Anasema anaazima ya Gaudensia, mwenzake wa kitanda cha jirani, na anaona haya. Nimeisahihisha barua na kumrudishia, kama nilivyowafanyia kaka zake walipokuwa shuleni. Chini nimeweka alama: sita kwa kumi. Kuhusu saa nimeandika neno moja tu. Anasa.

Ijumaa, 30 Septemba
Hakuna barua mwezi huu. Mama Skola ameninunia. Nimemwambia kwamba mtoto ana masomo mengi. Moyoni nimeridhika, nadhani ameelewa.

Jumamosi, 8 Oktoba
Kizunguzungu. Nimekwenda zahanati. Tabibu ni kijana niliyemfundisha darasa la nne. Alinishika kifundo cha mkono, akakodolea macho saa yake, midomo ikicheza. Nilimuuliza anasubiri nini.

"Mwalimu, nahesabu mapigo. Ukininyang'anya mshale huu, mimi ni mpiga ramli tu!"

Alicheka. Mimi sikucheka. Nimerudi kwa miguu, kilima chote, bila kumsalimu mtu. Mimi ni mpumbavu. Sina neno jingine.

Jumatano, 12 Oktoba
Nimeuza ng'ombe. Ni yule aliyekuja kwa mahari ya binti mkubwa, ambaye hauzwi bila ridhaa ya mama. Mama Skola alimfungua kamba mwenyewe, akaingia ndani asimwone akienda.

Nimenunua saa Kasulu. Bwana Salum alinitania mbele ya wateja: "Mwalimu anavaa saa? Basi leo inanyesha mawe!" Nikamwambia ni ya Skolastika. Akaipangusa vizuri, akapunguza bei.

Kisha posta. Barua ya chuo. Skolastika aliondoka bila ruhusa mwezi uliopita. Nafasi yake amepewa mwingine. Niliisoma nimesimama, saa ikiwa mfukoni. Barua haikuwa na kosa hata moja.

Alhamisi, 20 Oktoba. Kibondo
Juzi zilikuja habari kwamba yuko huku, kwa dada yangu. Siku nzima juu ya lori, vumbi mpaka kwenye meno.

Nilimkuta kwenye cherehani. "Mwakeye, baba." Alinisalimu kwa Kiha, macho chini. Amekonda.

Sasa najua. Saa ya Gaudensia ilimponyoka wodini, ikapasuka. Alitaka kuniandikia. Alikaa na karatasi tupu siku mbili. Kisha akakimbia, na hakuthubutu kukimbilia nyumbani. Dada yangu amekwisha kumlipa Gaudensia; Skolastika anamshonea shangazi yake ili kufidia.

Dada yangu hakunionea haya. "Kaka, wewe hata Mungu akikuandikia, utamrudishia na alama." Nilistahili.

Nimempa Skolastika saa. Aliivaa. Akanishika kifundo, vidole viwili, baridi, akahesabu kimya. Uso ulibadilika. Kwa dakika moja alikuwa muuguzi, muuguzi hasa.

"Tisini na mbili, baba. Upumzike."

Halafu akaivua na kuniwekea kiganjani. "Kaa nayo. Huku nashona tu."

Nikaitia mfukoni. Miaka thelathini na moja nimefundisha watu kusema.

Jumapili, 6 Novemba
Mvua tangu alfajiri. Mama Skola amekwenda kanisani peke yake. Kamba ya ng'ombe bado inaning'inia kwenye nguzo.

Kila asubuhi naitia saa ufunguo. Naweka vidole viwili kwenye kifundo changu, kama alivyofanya yeye, na kuufuata mshale mpaka uzunguke wote. Leo themanini na nne. Sijui kama ni nyingi au ni kidogo. Anayejua yuko Kibondo, anashona.