Sumu ya Nyuki Wako, Baba

Baba,

Amani ikufikie huko uliko. Sisi hapa Koboko tuko salama. Mama ameanza kupata usingizi, na mizinga yako ninaitunza mimi.

Nakuandikia habari ya Zaituni, mtoto wako wa mwisho. Bado yuko chuoni Arua, anachunguza sumu ya nyuki. Anasema ndani yake mna vipande vidogo vya protini, wanaviita peptidi, na hivyo ndivyo vinavyotoboa utando, ile ngozi nyembamba ya seli. Walimu walimwambia awaonyeshe kwa macho, ama atafute somo lingine. Sumu ya kuagiza ingechelewa. Akanipigia simu: "Dada, si sisi tuko na nyuki?"

Akaja na kioo chenye nyaya na betri. Kinawekwa mlangoni mwa mzinga, nyuki wanashtuliwa kidogo, wanauma kioo, na sumu inakauka juu yake. Mimi nikafanya kama ulivyonifundisha. Nikawasha moshi kwanza, nikawapulizia taratibu. Tulingoja mpaka jua likawa kali. Kioo kilikuwa safi kabisa.

"Dada, umewalaza wote. Nani atauma sasa?"

Tulicheka, Baba. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Nikajisikia vibaya, halafu nikaacha. Wewe ulizoea kusema, "Nyuki iko na haya. Ukikuja pole, yeye pia iko pole." Kesho yake nilikwenda bila moshi, kama mtu anayeingia nyumba ya wakubwa bila hodi. Waliuma kioo mpaka kikawa na unga mweupe. Waliniuma na mimi. Sikio likavimba, Mama akaliita sambusa.

Siku ya kuwaonyesha walimu, Zaituni alinialika. Nilikaa nyuma. Hadubini yao imeunganishwa na skrini, na seli zilikuwa giza tupu. Alikuwa ametia rangi kwenye maji ya seli hizo. Rangi hiyo haipiti utando mzima. Ikipata tundu inaingia, na ikipigwa taa inang'aa nyekundu. Akadondosha sumu. Tukangoja. Seli moja ikawaka, kisha ya jirani yake, kisha nyingi, kama makaa yanapopepewa.

Mwalimu mkuu wao akasema, "Endelea na somo hili." Halafu akauliza sumu imetoka wapi.

Zaituni alisimama wima. "Kwa nyuki wa baba yangu, Koboko."

Alisema hivyo mbele ya watu wote. Sauti ilimkatika kidogo kwenye neno baba, lakini alimaliza. Nilitamani... basi, unajua nilichotamani.

Pumzika, Mzee wetu. Mizinga haitakuwa mitupu nikiwa hai, na kila Zaituni atakapohitaji sumu, mimi nitakuwa wa kwanza kuumwa.

Mwanao,
Halima