Sweta Isiyomwasha Tuda

Jumapili, 17 Novemba

Mwanangu Tuda amevua sweta sasa hivi na kumvika mbuzi! Kaingiza kichwa cha mbuzi shingoni mwa sweta, kisha akajikuna tumbo kwa mikono miwili. Vipele mpaka kwapani. Siku tatu nimesokota ile sufu, siku sita nimefuma. Na mlima umeshavaa kilemba cheupe. Mwaka jana mapafu yalimlaza wiki mbili. Daktari alisema: apate joto, asilowe. Atalipataje, havai?

Jumanne, 19 Novemba

Sokoni. Nimenunua uzi wa kiwandani, mwekundu, laini kama shavu la Tuda. Muuzaji kaapa una joto kuliko kondoo. Basu, mume wangu, akacheka: kondoo mbona hajauvaa?

Nimefuma tangu niliporudi. Tuda kajaribu mkono mmoja — hajikuni!

Ijumaa, 22 Novemba

Kacheza nje na sweta nyekundu, manyunyu yakamkuta. Mgongo baridi kama chura! Nikalowesha vipande viwili, cha sufu na cha uzi mwekundu, nikavifunga mikononi, nikasimama kwenye upepo. Cha sufu kililowa, lakini mkono ulivumilia. Chekundu — barafu tupu. Halafu nikaianika sweta nyekundu karibu na jiko la kuni, cheche ikaruka. Haikuungua, iliyeyuka! Tundu, kingo zake ngumu kama ukucha. Ingekuwa mwilini mwake je?

Mama Hadda, mama mkwe wangu, akaokota ile ya sufu, akaisugua shavuni.

"Itto, manyoya uliyachambua?"

Niliyasokota yote pamoja, haraka haraka.

"Umemvika mtoto sufu ya mapaja! Hiyo inakwaruza, ni ya hema, binti yangu. Ya mtoto hutoka shingoni."

"Na ulikuwa unaniona, mama!"

"Ungenisikia? Mjuzi wewe."

Kweli, nisingemsikia.

Jumapili, 24 Novemba

Theluji tangu alfajiri. Ijumaa ileile Mama Hadda alitoa sufu ya shingoni aliyoiweka kwa joho la Basu. Hata hakunisema. Tumechambua, tumesokota, mimi nimefuma usiku na mchana. Mikono bado, lakini kifua na mgongo tayari. Tuda kavaa bila fulana ndani, kalala karibu na bibi yake. Mimi nimejificha huku kwenye mablanketi, sithubutu kuangalia. Akijikuna hata na hii, sina nyingine.

Mama Hadda anaita: "Itto! Weka kalamu, njoo umwone mwanao!"

Sauti haina hasira. Haina kicheko pia. Labda amesinzia bila kujikuna—